Kombe la Ridhaa: Ridhaa ya Nani?

Kila mwaka Chama cha Gofu cha Marekani, USGA, humkabidhi kombe la fedha mwanamke aliyewashinda wenzake wote katika mashindano ya taifa ya gofu ya ridhaa. Mashindano hayo yalianza mwaka 1895, na mwaka 2025 yalifanyika kwa mara ya 125. Majina ya mabingwa yameorodheshwa tangu siku hiyo ya kwanza, na wapenzi wa mchezo huo huisoma orodha hiyo kwa unyenyekevu wa mtu asomaye msahafu. Husema kwamba hapa hapana upendeleo. Mpira haumjui baba wa mchezaji wala rangi ya ngozi yake. Aliyeuingiza shimoni kwa mikwaju michache zaidi ndiye bingwa, na jina lake ndilo hili.

Maneno hayo ni matamu, lakini ni nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli ni hatari kuliko uongo mtupu kwa kuwa ni vigumu kuikanusha. Hakuna anayebisha kwamba kila mwanamke aliyemo katika orodha hiyo alishinda. Kinachobishaniwa ni jambo jingine kabisa: aliwashinda akina nani, na akina nani walizuiwa langoni ili ushindi huo upatikane. Orodha ya mabingwa haina budi kusomwa kwa majina yaliyomo na kwa majina yasiyomo. Ikisomwa hivyo, inaacha kuwa orodha ya vipaji peke yake. Inakuwa pia daftari la tabaka moja lililojigawia heshima, kisha likaiita heshima hiyo ya taifa zima.

BINGWA WA WATU 13

Tuanze na mwanzo. Mwezi Novemba mwaka 1895 wanawake 13 walikusanyika katika klabu ya Meadow Brook, katika kisiwa cha Long Island, jimbo la New York. Nchi yao wakati huo ilikuwa na watu zaidi ya milioni 60. Walicheza mashimo 18, asubuhi mashimo tisa na mengine tisa baadaye, na aliyewashinda wenzake alimaliza kwa mikwaju 132. Ni kweli kwamba walicheza wamevaa sketi ndefu zilizoburura majani, na kwamba fimbo na viwanja vya siku hizo havikuwa kama vya leo. Hata hivyo, mikwaju 132 si kipimo cha kipaji kisicho kifani. Mabingwa wa leo humaliza mashimo hayo kwa karibu nusu yake. Maelfu ya wanawake wa Marekani, wafuaji nguo, wachuma pamba, wafanyakazi wa viwandani, wangeweza kuifikia hesabu hiyo kama wangepewa fimbo, kiwanja na mwezi mmoja wa kujifunza. Kilichokuwa adimu mwaka 1895 hakikuwa kipaji. Kilichokuwa adimu ni ruhusa.

Na bingwa huyo wa kwanza ameandikwaje katika kumbukumbu za siku hizo? Jina lake lilikuwa Lucy Barnes Brown, lakini lililochapishwa ni "Bibi Charles S. Brown". Charles ni mumewe. Basi hata katika siku yake ya ushindi mwanamke huyu aliingia katika historia kwa mlango wa mume. Hilo pekee latosha kuonyesha kwamba wanawake hao, pamoja na utajiri wao wote, nao walikuwa wapangaji katika nyumba iliyojengwa na wanaume.

Baada yake akaja Beatrix Hoyt, binti wa miaka 16, aliyelitwaa taji mara tatu mfululizo, mwaka 1896, 1897 na 1898. Sifa za mchezo wake zinamstahili. Lakini msomaji aambiwe pia kwamba babu yake, Salmon P. Chase, alikuwa Waziri wa Fedha wa Marekani wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, kisha akawa Jaji Mkuu wa nchi. Lucy Brown na Beatrix Hoyt wote walitoka klabu ya Shinnecock Hills, huko huko Long Island. Kiwanja cha klabu hiyo kilisafishwa na kujengwa na vibarua kutoka kabila la Shinnecock, wenyeji wa asili wa sehemu hiyo, waliokuwa wamesukumwa katika kipande kidogo cha ardhi jirani. Wenye nchi walikata magugu, na wajukuu wa mawaziri wakaja kucheza.

Kombe lenyewe lilitolewa mwaka 1896 na Robert Cox, mbunge wa Uingereza kutoka Edinburgh na mwenye kiwanda. Mashindano ya mwaka huo yalifanyika katika klabu ya Morris County, New Jersey. Klabu hii ilianzishwa mwaka 1894 na wanawake wenyewe, wakaiongoza wenyewe. Lakini haukupita muda mrefu wanaume wakautwaa uongozi. Mwenye shamba akawa mgeni shambani mwake. Dada hao walidhulumiwa, na haifai kulificha jambo hilo. Lakini ajabu ya dhuluma ni kwamba aliyenyang'anywa na mkubwa mara nyingi hamkumbuki aliye chini yake. Wanawake wa klabu walilalamika, na kwa haki, kwamba waume zao waliwapangia siku na saa za kucheza. Ni wangapi kati yao waliouliza kwa nini yule aliyewapikia na kuwafulia hakupangiwa hata saa moja?

NENO "RIDHAA" NA KAZI YAKE

Neno ridhaa lina maana nzuri katika Kiswahili. Mchezaji wa ridhaa ni yule anayecheza kwa hiari na mapenzi yake, bila kulipwa. Linasikika kama neno la watu safi wasioabudu fedha. Lakini katika gofu ya Marekani neno hilo lilifanya kazi ya ukuta. Anayeweza kucheza bila kulipwa, wiki baada ya wiki, akasafiri kutoka jimbo hadi jimbo kwa gharama zake, ni mtu ambaye tayari analishwa na jasho la wengine. Kumwambia maskini acheze kwa ridhaa ni sawa na kumwambia mwenye njaa afunge kwa hiari. Usafi wa kutogusa fedha ulikuwa usafi wa wale ambao fedha ziliwagusa tangu utotoni.

Ushahidi wa jambo hili ni kisa cha Mildred Didrikson, aliyejulikana kwa jina la Babe. Alikuwa mtoto wa wahamiaji kutoka Norway, akakulia Texas katika nyumba ya fundi seremala. Katika Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1932 huko Los Angeles alipata medali mbili za dhahabu na moja ya fedha katika riadha. Kisha akajifunza gofu, akafanya mazoezi mpaka viganja vikatoka damu, na mwaka 1935 akashinda ubingwa wa wanawake wa jimbo la Texas. Wakubwa wa klabu hawakufurahi. Mchezaji mmoja wa tabaka lao anakumbukwa kwa kusema kwamba hawakuwa na haja ya mabinti wa madereva wa malori katika mashindano yao. Haukupita muda mrefu baada ya ushindi huo USGA ikatoa uamuzi kwamba Babe si mchezaji wa ridhaa, kwa sababu alikuwa amepata fedha katika michezo mingine. Akafungiwa nje.

Na alirudije? Hapo ndipo siri yote inapofichuka. Mwaka 1938 aliolewa na George Zaharias, mcheza mieleka aliyekuwa na mali. Sasa aliweza kukaa bila kupokea senti ya mchezo, akangoja miaka mitatu ya masharti, na mwaka 1943 akasafishwa, akawa tena mchezaji wa ridhaa. Mwaka 1946 alilitwaa kombe la taifa huko Tulsa, akiongoza kwa mashimo 11 huku yamebaki tisa tu. Mwaka uliofuata akavuka bahari na kuwa Mmarekani wa kwanza kushinda ubingwa wa ridhaa wa wanawake wa Uingereza. Je, mikono yake ilibadilika kati ya mwaka 1935 na 1943? La hasha. Kilichobadilika ni mfuko uliomlisha. Jina lake limo katika orodha leo kwa kuwa alimpata mtu wa kumlipia ridhaa yake. Wale ambao hawakumpata mtu kama huyo hawamo, wala hakuna aliyewahesabu.

MWANAMKE KUTOKA GARY

Tabaka lilikuwa ukuta wa kwanza. Nyuma yake kulikuwa na ukuta wa pili, mrefu zaidi, wa rangi. Ili mtu ashiriki mashindano ya taifa alipaswa kuwa wa klabu iliyo mwanachama wa USGA. Klabu hizo hazikuwapokea Wamarekani Weusi. Basi hapakuwa na haja ya kuandika mlangoni kwamba Mweusi haruhusiwi. Kanuni ya uanachama ilitosha, na waliouweka ukuta huo wangeweza kunawa mikono. Wamarekani Weusi walijiundia chama chao cha gofu katika miaka ya 1920, na wanawake wao wakaanzisha klabu zao mwaka 1937 huko Washington na Chicago. Kwa miaka 61 tangu mwaka 1895 kombe lililoitwa la taifa lilishindaniwa bila Mmarekani Mweusi hata mmoja.

Ann Gregory ndiye aliyelivunja lango. Alizaliwa mwaka 1912 katika jimbo la Mississippi, akafiwa na wazazi, akatumikishwa katika nyumba ya Wazungu, kisha akahamia Gary, Indiana, mji wa viwanda vya chuma. Mumewe alipokwenda vitani katika jeshi la majini, yeye alijifunza gofu. Mwaka 1956 Chama cha Gofu cha Wanawake wa Chicago, ambacho ni cha watu Weusi, kilipokelewa kuwa mwanachama wa USGA, na kwa tiketi hiyo Ann Gregory akaingia katika mashindano ya taifa huko Indianapolis. Alikuwa na umri wa miaka 44. Alitolewa katika raundi ya kwanza na Carolyn Cudone, kwa tofauti ndogo ya mashimo mawili likiwa limebaki moja.

Miaka iliyofuata ilionyesha kwamba kuruhusiwa kuingia si sawa na kupokelewa. Mwaka 1959 mashindano yalifanyika katika klabu ya Congressional, karibu na Washington, mji mkuu wa nchi inayoifundisha dunia demokrasia. Wachezaji wote waliandaliwa karamu ya chakula cha jioni. Ann Gregory alizuiwa kuingia, akala peke yake katika chumba cha hoteli, na kesho yake akarudi kiwanjani kuwakabili wenzake waliokuwa wamekula wakashiba bila yeye. Mwaka 1963, huko Massachusetts, mchezaji mmoja mashuhuri alimkuta katika nyumba ya wageni, akamdhania mtumishi, akamwagiza henga za kutundikia nguo zake. Ann Gregory akampelekea henga. Baadaye yule mchezaji alipotambua kwamba aliyemtuma ni mshindani mwenzake, aliona aibu. Aibu hiyo ilikuwa halali, lakini haikuwa yake peke yake. Miaka yote 61 ilikuwa imemfundisha kwamba mwanamke Mweusi katika klabu ya gofu hawezi kuwa kitu kingine.

Nyumbani Gary hali haikuwa tofauti. Bustani ya mji ilikuwa na viwanja viwili vya gofu, na watu Weusi waliruhusiwa kucheza katika kile kidogo cha mashimo tisa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Ann Gregory alikwenda dirishani, akaweka ada yake mezani, akasema kwamba kile kikubwa kinatunzwa kwa kodi yake, naye atacheza humo. Akacheza. Hakuna kombe linalotolewa kwa kitendo kama hicho, wala hakuna orodha inayokitaja, ingawa ndicho kitendo kikubwa zaidi katika kisa hiki chote.

Mwaka 1971, akiwa karibu kutimiza miaka 60, alicheza mashindano ya taifa ya wanawake wenye umri mkubwa, katika jimbo la Georgia. Alishika nafasi ya pili. Aliyemshinda ni yule yule Carolyn Cudone wa mwaka 1956, na alimshinda kwa mkwaju mmoja tu. Mkwaju mmoja! Cudone alikuwa mchezaji hodari, na hakuna anayemnyima haki yake. Lakini mwanamke aliyefungiwa nje katika miaka yake ya nguvu, aliyejifunzia katika kiwanja cha mashimo tisa, aliyelala na uchungu wakati wengine wakila karamu, akasogea hadi tofauti ya mkwaju mmoja na bingwa: huyo nani atathubutu kusema kwamba hayumo katika orodha kwa sababu hakuwa na kipaji?

MAJIBU KWA WATETEZI

Wako watakaosema kwamba mambo hayo yamepita, na kwamba mtu hawezi kulaumu mabingwa kwa makosa ya klabu. Hoja ya pili ina haki ndani yake. Harriot Curtis, bingwa wa mwaka 1906, baadaye alikuwa mlezi wa wasichana katika chuo cha Hampton, Virginia, chuo cha watu Weusi. Dada yake Margaret, bingwa wa mwaka 1907, 1911 na 1912, aliwahudumia wakimbizi nchini Ufaransa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Walikuwa watu wema. Lakini hapo ndipo ubaya wa mfumo unapoonekana: bingwa aliweza kuwalea wasichana Weusi chuoni, na hakuna hata mmoja kati ya wasichana hao aliyeweza kuligombea kombe alilolitwaa yeye. Wema wa mtu mmoja mmoja haufungui lango ambalo kanuni imelifunga.

Hoja ya kwanza, kwamba yamepita, ipimwe kwa matendo. Mwaka 1977 USGA ilianzisha mashindano mengine, ya wanawake wanaocheza katika viwanja vya umma, yaani wale wasio wanachama wa klabu za binafsi. Yaliendelea hadi mwaka 2014. Watu walishangilia kwamba mnyonge amekumbukwa. Alikumbukwa, naam, lakini kwa kuwekewa mlango wa uani, baada ya miaka 82 ya mlango wa mbele. Na kanuni ile ya ridhaa iliyomfungia Babe Didrikson? Kuanzia mwezi Januari mwaka 2022 USGA na wenzao wa Uingereza waliilegeza, hata mchezaji wa ridhaa akaruhusiwa kulipwa na makampuni kwa kutangaza bidhaa zao. Mwaka huo huo Rose Zhang, bingwa wa mwaka 2020, akiwa bado mwanafunzi wa chuo kikuu, alitia sahihi mkataba na kampuni ya Adidas. Hakufanya kosa lolote; vijana hao wanastahili malipo. Lakini na isemwe wazi: lililokuwa doa kwa binti wa seremala mwaka 1935 limekuwa haki tangu makampuni yalipoona faida. Kanuni iliyoitwa takatifu ilidumu kwa muda ule tu iliowafaa wenye mali.

Ni kweli pia kwamba orodha imebadilika sura. Bingwa wa mwaka 2012 ni Lydia Ko, mzaliwa wa Korea aliyekulia New Zealand. Wa mwaka 2024 ni Rianne Malixi kutoka Ufilipino. Wa mwaka 2025 ni Megha Ganne wa New Jersey, mwenye asili ya Kihindi. Hayo ni maendeleo, na ni uchoyo kuyakana. Lakini katika mashindano 125 hakuna Mmarekani Mweusi aliyelitwaa kombe hilo. Watu waliobeba mifuko ya fimbo, waliokata majani na kupika karamu za klabu hizo kwa zaidi ya karne moja hawajaandikwa humo hata mara moja. Orodha yenye pengo la namna hiyo haiwezi kujiita kipimo cha kipaji cha taifa.

SOMO LISILO LA MAREKANI PEKE YAKE

Msomaji wa Afrika Mashariki haoni mageni katika kisa hiki. Gofu ililetwa katika nchi hizi na maofisa wa kikoloni wa Uingereza. Entebbe ilikuwa na kiwanja mwaka 1901 na Nairobi mwaka 1906. Klabu zao zilikuwa za Wazungu, na Mwafrika aliingia humo amebeba mfuko wa fimbo au sinia. Uhuru uliifuta kanuni ya rangi. Kanuni ya ada haikufutwa na bendera, na kijana aliyelelewa kando ya kiwanja, anayejua kila kilima na kila shimo kwa kuwabebea wengine, bado analazimika kutafuta mtu wa kumpa fimbo.

Kwa hiyo heshima ya kweli kwa mabingwa wa mchezo wowote haimo katika kuisujudia orodha. Imo katika kufungua viwanja, kuwapa watoto wa wakulima na wafanyakazi vifaa na walimu, na kufuta kila kanuni inayouliza mfuko wa mchezaji kabla ya kuutazama mkono wake. Hadi hayo yatendeke, kila kombe litakaloitwa la ridhaa liulizwe swali lile lile: ridhaa ya nani? Na jina la Ann Gregory, aliyefariki dunia mwaka 1990 bila kulishika kombe hilo, lisomwe kila mara orodha hiyo inaposomwa.